Dawa ya Lori la Clovis

Duka la Winifred liko Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, pale njia inapobana hadi pikipiki mbili zikikutana, moja lazima isubiri. Ndani, ukuta mzima ni dawa za injini: chupa nyeupe, za bluu, nyekundu, zimepangwa kama famasi. Winifred alikulia Bukoba, wazazi wake Wanyarwanda, akarudi Kigali mtu mzima, lakini ulimi wake haukurudi naye. Mpaka leo anauza kwa Kiswahili cha kule, na anatania kwa Kiswahili cha kule.

"Karibu mama. Mzee Salvator umemwacha wapi?"

"Mwenye lori yuko nje, anaegesha," akajibu Annick.

Hakulitamka jina lile, wala hakuwahi. Mama yake alimfunda kabla ya kuolewa: mkamwana hataji jina la baba mkwe, hambishii, hamsahihishi mbele za watu. Ukiwa na neno, limeze. Likikataa kumezeka, liseme kwa kuku uani. Anayehusika atasikia mwenyewe.

Mzee akaingia, mrefu, mkavu, akikokota mguu. Ujana wake wote aliumaliza kwenye barabara za Burundi, akastaafu, akamwachia mwanawe Clovis usukani. Halafu ugonjwa wa ini ukamchukua Clovis, na baba mtu ikambidi apande tena kabini, magoti yakilia kuliko gia. Clovis aliacha mke, baba na lori. Mke huyo, Annick, akawa tandiboi: lori likisimama mlimani, yeye ndiye anayeruka na jiwe kuzuia gurudumu. Wapakiaji wa mchanga walicheka mpaka wakachoka. "Mzee, siku hizi tandiboi anavaa kitenge?" Salvator aliwajibu mara moja tu: "Huyu haniibii mafuta. Wa kwako je?"

Sasa lori lilikuwa linatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, na Ijumaa lilitakiwa kwenye ukaguzi. Lisipopita, basi: halitagusa barabara tena, na kazi ya kupeleka mchanga Rebero, kwenye yale majumba yanayoota kila siku, itakwenda kwa mtu mwingine. Kule Kabuga nyumbani hapakuwa na shamba wala duka. Palikuwa na lori.

"Dawa si soda, mzee," Winifred akasema, akishusha chupa moja moja. "Hii nyeupe inalainisha pampu. Dizeli ya siku hizi ni kavu, wameitoa salfa, na pampu za zamani zilizoea mafuta mazito, zinasagika. Hii ya bluu inaondoa maji kwenye tangi. Na hii nyekundu," akaishika kwa vidole viwili, "hii ndiyo kali. Inakwangua. Moshi unapungua, sikudanganyi. Ila kwa injini kongwe lazima tangi liwe safi kwanza, maana hii ikianza kukwangua haichagui. Mara ya mwisho mlifungua tangi lini?"

Annick akaangalia sakafu.

Alijua. Mvua zile za mwisho, Clovis akiwa tayari macho ya njano, alichovya kijiti ndani ya tangi, akakitoa kimevikwa ute wa kahawia, mzito kama uji wa mtama. Ni yale mafuta ya madumu ya njiani, ya rahisi. "Usimwambie baba," alimwambia. "Yeye alinifundisha kusafisha kila mwaka. Nikipona nitasafisha." Hakupona. Na neno la maiti utalirudisha kwa nani?

"Tangi iko sawa," Salvator akasema. "Mwanangu alikuwa mtunzaji. Alors, nipe nyekundu."

"Na wewe mama? Wewe ndiye unayeuvuta huo moshi."

"Mwenye lori ameshachagua."

Jioni ile, mzee akiwa kwenye kigoda chake mlangoni, Annick akamwagia kuku maji, akasema kwa sauti ya kusikika, "Wewe kuku, unakunywa tu. Hutazami chini ya bakuli. Chini kuna tope, ukilikoroga utakufa nalo."

Kuku akanywa. Salvator akakohoa.

"Mwache anywe," akasema. "Maji ya juu ni safi. Ya chini yana nini na mtu?"

Annick akabaki na kopo mkononi. Je, mzee alilielewa neno, au alidhani anasemeshwa kuku tu? Hakujua, na kumuuliza hakuweza.

Kesho yake mzee alipokwenda misa ya asubuhi, Annick alifanya lile lililokuwa ndani ya uwezo wake. Akafungua chupa nyekundu, akamwaga nusu nyuma ya choo, akajaza dizeli mpaka shingoni, akafunga vizuri. Dawa kali ikiwa nusu itakuwa pole, aliwaza. Itasafisha kidogo kidogo, tope litabaki limelala. Mzee aliporudi akaitia yote, akiinamisha chupa mpaka tone la mwisho, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Wakapeleka mchanga Rebero. Moshi ukawa uleule. Watu mlimani wakaziba pua kwa mitandio, na Salvator njia nzima hakuacha kutazama kioo cha pembeni.

Ijumaa Annick alitoka na chai, akamkuta amesimama kwenye tangi, chupa nyekundu nyingine mkononi, tupu.

"Nilirudi Rwezamenyo jana," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa maji matupu. Hii nimeitia yote."

Na dizeli ndani ya tangi haikufika hata nusu; dawa nzima kwa mafuta machache. Annick akaweka chai chini.

"Panda, mwanangu. Chukua jiwe lako."

Akachukua jiwe lake.

Mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Hawajaiacha Kabuga mbali, moshi ukawa kijivu, kisha ukawa kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, kisha usiuone kabisa. Injini ikavuta kama kijana. Salvator akacheka, cheko la kwanza tangu mazishi, akapiga usukani kwa kiganja. "Umeona? Umeona, mwanangu? Ningemsikiliza yule mama wa Bukoba, tungekuwa bado tunachokonoa tangi!"

Annick naye akacheka. Alitaka sana kuwa amekosea.

Kwenye mlima wa kuingia mjini injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikapiga kelele ya chuma juu ya chuma, fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba, ikanyamaza. Lori likaanza kurudi nyuma. Annick akaruka, akasukuma jiwe chini ya gurudumu, akabaki ameliegemea lori kwa bega ingawa halikuhitaji tena.

Karangwa, fundi wao, akaja kwa pikipiki na mfuko wa spana. Hakuongea mengi. Alifungua filta ya dizeli, akaiinua juani, akaigeuza.

"Nani aliyetoboa hii?"

Matundu ya msumari, huku na huku. Mwanga wa jua ulipita ndani yake kama kwenye chungio la chai. Akalala chini ya tangi, akalegeza kizibo, na tope la kahawia likashuka kwenye karai, vipande kwa vipande, likinuka.

"Basi," Karangwa akasema, akijifuta mikono. "Dawa imelibandua hili lote, na filta haikuzuia kitu. Limekwenda moja kwa moja kwenye pampu. Mzee, nisikufiche. Lingekuwa tope peke yake, filta nzima ingeziba, lori lingezima, mngenunua filta nyingine, mngeondoka. Ingekuwa filta mbovu peke yake, na tangi safi, mngetembea miaka. Lakini vyote viwili, na dawa juu yake! Pampu imekwama, imekufa. Na pampu ya hivi, mimi sijui duka hata moja linalouza."

"Na lori bovu kama hili, la kuchukulia vipuri, liko wapi?" Salvator akauliza.

"Lori la aina hii Kigali nalijua moja. Ndilo hili."

Salvator akakaa kwenye ngazi ya kabini. Magari yalipita, mengine yakipiga honi.

"Clovis ndiye aliyeitoboa," akasema bila kumtazama mtu. "Ilikuwa inaziba, hana ya kubadilisha. Nikamkuta na msumari, nikamgombeza. Akanisihi nisikuambie wewe. Hakutaka mke wake amwone hajui kazi. Nikanyamaza. Nilidhani uchafu uko kwenye nozeli za injini tu, dawa itautoa, mambo yaishe."

"Na mimi aliniambia nisikuambie wewe," Annick akasema. "La tangi."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama anayesikia habari ya nchi nyingine.

"Na yule mwanamke akaniuzia maji," akasema, na sauti ikapata ukali, kama mtu aliyepata cha kushikilia. "Ile ya kwanza ingefanya kazi, ya pili ningeitia ya nini? Nitakwenda leo hii. Nitamwambia machoni pake, watu wasikie."

Hapo Annick hakuwa na kuku.

"Baba, si Winifred. Mimi ndiye niliyeipunguza. Nilimwaga nusu, nikaongeza dizeli. Niliogopa tope."

Salvator akamtazama. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu aolewe kwao. Macho yake yalikuwa ya Clovis, makubwa, yenye maji pembeni.

"Siku ile ya kuku," akasema, "ulikuwa unaniambia mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Nilijua. Nilidhani unamsema mwanangu, kwamba amekuachia uchafu; sikujua ni tope la tangi. Ndiyo maana nikajibu vile."

Saa ya ukaguzi ilishapita. Chini bondeni mji uling'aa, na kule upande wa Rebero majumba waliyoyapelekea mchanga yalionekana vizuri, meupe, nusu yamekwisha. Mzee aliondoa ufunguo, akaushika tu mkononi, kama mtu asiye na mfuko wa kuutia.

Karangwa akauliza kama afunge tangi au aliache wazi likauke. Aliuliza mara mbili. Halafu akaokota spana zake, akaanza kuzifuta moja moja.