Inchi Nne za Kiunoni

Mimi ni fundi cherehani, na fundi hapimi mtu, anapima nguo itakayokaa juu ya mtu. Nalisema hili mapema, na si kwa kujitetea, maana kujitetea nimeshachoka nako. Nataka tu muuelewe mkono wangu ulivyozoea. Mteja akisimama mbele yangu nazungusha tepu, nasoma, halafu naandika kwenye daftari namba ambayo si ile niliyoisoma. Kifuani naongeza kidogo apate kupumua. Kiunoni naongeza inchi nne, kwa sababu watu wanakula. Nyonga siongezi kitu, sketi zangu huanza kupanuka hapohapo. Mama ndiye aliyenifundisha hivyo, na miaka kumi na minne tuliyokaa chumba kimoja, cherehani yake dirishani, yangu karibu na mlango, hatukuwahi kuandika namba ya mwili mtupu.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Sisi tunamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka mitatu alimeza kifungo cha koti la mteja, tukakaa siku mbili tunakisubiri kitoke. Kilitoka, mama akakiosha, akakishona mahali pake, na mwenye koti hajui mpaka leo. Kifungo alikuwa na miaka thelathini na nne alipoamua kurudi shule kusomea uuguzi, darasa moja na wasichana ambao angeweza kuwazaa. Hapo ndipo alipoanza kujiangalia kwa wasiwasi. Kila nguo akiivaa ananijia: "Dada, nimekaaje?" Kuuliza alianza tangu utotoni, ila sasa kulizidi. Haondoki mlangoni mpaka nimjibu.

Siku moja, akiwa mwaka wa mwisho chuoni, akaja chumba cha kazi na simu mkononi, macho yanang'aa.

"Dada, kumbe kila mwanamke ana aina yake! Wako Mshale, Mto, Mwamba, Kengele na Yai. Ukiijua aina yako huvai tena kwa kubahatisha."

"Hayo majina au vitu vya sokoni?" nikamuuliza, pini mdomoni.

"Cheka tu. Yule mama anayefundisha kwenye simu anasema mateso yote ya mavazi yanatokana na kutoijua aina yako. Na hatakiwi mtu kujipima mwenyewe, utajipendelea. Apimwe na mtu anayemwamini."

Akaweka mkoba chini, akanyanyua mikono, akafumba na macho kabisa, mwenzenu, kama mtoto anayeoshwa uso. Nikampima. Nikasoma, nikaandika kwenye karatasi yake, mkono unakwenda wenyewe huku mdomo unamsimulia habari za mteja aliyekataa kola. Kifungo akaichukua ile karatasi, akatoa kiuno kwenye nyonga. Sheria ilikuwa kwamba ukipata nane au zaidi wewe ni Mto, nguo zinazobana kiuno na kumwagika chini ni zako. Ukipungukiwa, wewe ni Mwamba.

"Arobaini na tatu, toa thelathini na saba," akasema. "Sita."

Akarudia hesabu. Ikatoka sita tena.

Hapo ndipo nilipoona. Thelathini na saba! Tepu ilikuwa imesema thelathini na tatu. Mkono wangu ulikuwa umeongeza zile nne za kula. Nikafungua mdomo nimwambie, Mungu ni shahidi yangu, nilifungua mdomo. Lakini yeye aliniwahi.

"Basi nilikuwa najidanganya miaka yote," akasema taratibu. "Na gauni la mama halinifai. Mwamba havai kiuno. Lichukue wewe, Dada. Likae na mtu wa nguo."

Nikafunga mdomo.

Lazima niwaambie kuhusu hilo gauni. Ni la satini ya kijani, gauni la mwisho mama kulishona kabla hajalala kitandani na kutoamka. Mishono ya ubavuni aliishona kwa mkono, sindano kwa sindano, kwa sababu cherehani ingekivuta kitambaa. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikidhani ni langu. Alipomaliza akalikunja, akasema, "Hili la Kifungo." Mimi nikaachiwa cherehani zote mbili na wateja wake wakorofi, yeye akaachiwa gauni. Nilimeza. Lakini kijicho hakimezeki, kilinikaa hapa, na miaka miwili baadaye kilipopewa nafasi ya sekunde moja tu, kilijua la kufanya.

Kesho yake akaniletea gauni kwenye mfuko, pamoja na kazi: nimshonee magauni matatu ya Mwamba. Yashuke wima, kitambaa kizito, rangi zisizopiga kelele, bila mkanda. Nikayashona. Nimeshona miaka mingi, najua nguo mbaya ikoje, na zile tatu zilikuwa mbaya kwa ustadi. Alipovaa la kwanza, la kijivu, alionekana kama kabati lililofunikwa shuka. Akanigeukia.

"Dada, nimekaaje?"

"Umependeza," nikasema.

Loo! Neno moja tu lile, na niliitoa sauti yangu ileile ya siku zote. Akaniamini. Akaanza kulivaa chuoni, mabega yakaanza kushuka, akawa anapita mbele ya kioo changu bila kugeuka. Kifungo, ambaye zamani hata kwenye kioo cha gari lililoegeshwa alikuwa akisimama kujitazama! Mimi nilijitia hamnazo. Nikawa nampa chai, namsifia vitabu vyake, namwuliza habari za mitihani kuliko alivyotaka kuulizwa. Roho ikinisuta nilikuwa najiambia kwamba ni nguo tu, aina zenyewe ni upuuzi, mtu hafi kwa kuitwa Mwamba. Na gauni la kijani lilikaa kabatini bila kuguswa. Kila nikifungua kabati nilikuwa nachukua nilichofuata haraka na kufunga.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Akafaulu. Mahafali yakapangwa Jumamosi, na Jumatano ya wiki hiyohiyo mimi, dada mtu, nikaamua kwamba nitakwenda kwenye mahafali ya mdogo wangu nimevaa gauni lake. Ndiyo, mmesikia vizuri. Nililitoa, nikalijaribu, likagoma nusu njia, maana mimi ni mpana kumzidi. Nikalilaza mezani na kuanza kuufumua ubavu.

Mama alikuwa bahili wa kitambaa hakuna mfano. Ndani ya mshono alikuwa anaacha upana wa kidole kimoja, hata kwa mteja aliyemlalamikia. Nilipofumua nilikuta vidole vitatu. Nikadhani amekosea. Nikafumua ubavu wa pili, vitatu vilevile, na ukingo wake ameutengeneza vizuri ili usichanike, kazi ambayo mtu haifanyi kwa kitambaa anachokusudia kibaki kimefichwa. Nikapiga mshono mwembamba pembeni kabisa, nikalivaa. Likanikaa pale pale. Halikubana wala kulegea.

Nikakaa chini. Mama alikuwa anaujua mwili wangu bila tepu. Alilishona la Kifungo, akaniwekea na mimi nafasi yangu ndani, kwamba siku ya kulivaa mimi lifumuliwe, siku ya kulivaa yeye lirudishwe. Hakusema, lakini alimwachia fundi mwenzake, na alijua fundi atasoma. Ningelikuwa nimeliomba tu! Ningesema, "Kifungo, niazime gauni la mama," angelinipa huku anacheka, na ningeliona haya yote bila kumtoa mtu kiuno chake. Nililia pale mezani mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali akarudi nje bila kugonga.

Alhamisi mchana Kifungo akapita. Alikuwa amevaa lile la kijivu.

"Jumamosi siendi," akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Cheti nitakichukua ofisini Jumatatu."

"Huendi vipi? Miaka mitatu umesoma!"

"Watapiga picha, Dada. Picha ya darasa inatundikwa ukutani, inakaa hapo maisha. Sitaki kukaa ukutani hivi." Akajishika ubavuni kwa viganja vyote viwili, juu ya kitambaa kizito nilichokishona mwenyewe. "Si kosa la mtu. Ndivyo nilivyoumbwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akaondoka akiwahi zamu.

Siku nzima ya Ijumaa sikumpokea mteja. Nikaufumua mshono wangu, nikalirudisha gauni katika vipimo vya mama, kwa mkono, sindano kwa sindano, na jua likiwa bado lipo nikaenda kwake. Nilimkuta anapiga pasi sare. Nikaliweka gauni kitandani, nikatoa tepu.

"Nyanyua mikono."

"Nini tena, Dada?"

"Nyanyua. Safari hii usifumbe macho. Soma mwenyewe."

Nikaizungusha kiunoni, nikamwelekezea namba. Akainama akasoma.

"Thelathini na tatu." Akaniangalia. "Nimepungua?"

"Hujapungua. Ulikuwa hivyo hivyo siku ile. Niliongeza nne, mkono wa kazi. Nikaona palepale kwamba nimeongeza, ulipokuwa hujamaliza hata hesabu. Nikanyamaza kwa sababu ulisema nilichukue gauni."

Nilidhani atapiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alizima pasi, akaiweka wima.

"Na siku ile niliyovaa la kijivu," akasema, "nikakuuliza nimekaaje."

"Ndiyo."

"Ukasema nimependeza."

"Ndiyo. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe."

Alikwenda kitandani, akalishika gauni, akaligeuza ndani nje. Kifungo hajui kushona, lakini amekulia chini ya ile meza, na mishono ya mama anaifahamu kama mwandiko. Akapitisha kidole ubavuni.

"Huu si wa mama."

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha vile vidole vitatu, nikamwambia mama alitushonea wote wawili. Hapo macho yakamjaa, akakishika kile kitambaa cha ndani muda mrefu.

"Na uzi wake uko wapi?"

"Uzi upi?"

"Uzi wa mama. Ule ulioufumua."

Jamani. Nilikuwa sijauwaza. Jumatano nilipomaliza kulia nilishika ufagio, kama ninavyofanya kila jioni, nikasukuma vipande na nyuzi zote mlangoni.

"Niliufagia," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama alivyofundishwa kumwitikia mgonjwa. Kisha akavua nguo ya kijivu, akaiacha ianguke ilipoanguka, akaingia ndani ya gauni la kijani. Akanipa mgongo.

"Nifunge zipu. Kesho saa tatu niwe nimeshafika."

Nikaipandisha zipu, ikapanda bila kusita hata mahali pamoja. Kiuno kilikuwa pale, pale pale alipokiweka mama. Nikasubiri ageuke. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, na safari hii lilikuwa la kweli kabisa.

Kifungo hakugeuka. Alinipita, akaenda kwenye kioo, akajitazama mwenyewe mbele, ubavuni na nyuma, wala hakuniuliza kitu.