Sura ya Mwisho ya Debora

Kitabu chenyewe Selpher alikitoa maktaba ya shule, jalada likiwa limeng'oka zamani, na ndani yake mlikuwa na msichana mgonjwa aitwaye Debora. Selpher ni binti wa dada yangu Awinja. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, naye alikuwa na ugonjwa wa damu, ule unaoingia mifupani baridi ikipiga tu. Muhula ule aliletwa kwa Mama yangu, karibu na Butere, apate nafuu. Debora wa kitabuni alikuwa na ugonjwa huohuo. Ndipo Selpher akasema:

"Mjomba, utusomee, mimi na Kukhu. Kikiisha nitasema kama ninarudi shule au sirudi."

Tulimsikia wote. Kukhu, yaani bibi yake, ndiye huyo Mama yangu.

Msomaji wa boma lile nilikuwa mimi. Darasani nilikaa miaka miwili tu. Mengine nilijifunza kwenye magunia ya mbolea na magazeti ya kufungia sukari. Vidole vya Selpher vilikuwa vimevimba, kwa hiyo kila alasiri, baada ya obusuma, ugali wetu, nilivuta kiti mlangoni nikasoma kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu nikamgeuzia Mama kwa lugha ya nyumbani. Miaka ile miwa ilikuwa imepandwa mpaka chini ya dirisha. Trekta zikipita na matela, nilinyamaza hadi vumbi litue, kisha nikaendelea.

Sasa niseme kitabu hicho nilikionaje, maana nimeulizwa mara nyingi na sijawahi kutoa jibu moja.

Nilikichukia. Debora alilazwa katika chumba chenye pazia jeupe. Daktari aliketi kitandani pake akazungumza naye kuhusu nyota. Wapi hiyo? Sisi Selpher tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, akiwa amefungwa kwa leso mgongoni mwa mama yake, tukaambiwa dawa italetwa Alhamisi, bila kuambiwa Alhamisi ya mwezi gani. Katika kitabu kizima hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza dawa imechelewa kwa nini. Watu wote walikuwa wapole. Mimi siuamini upole wa watu wote kwa pamoja.

Lakini mahali pale Debora anapomficha mama yake maumivu, anauma shuka ili asipige kelele, nilishindwa kuendelea. Nilisema moshi wa miwa umeniingia machoni. Siku ile hapakuwa na shamba lililochomwa.

Usiku huo nilisoma mbele, peke yangu, hadi mwisho. Debora anakufa.

Jumatatu nilikutana na Phoebe, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akitoka kisimani.

"Andati, yule binti anaendeleaje?"

"Selpher? Leo ametembea mpaka jikoni."

"Selpher namjua. Nauliza Debora."

"Debora gani?"

"Wee! Si huyo mnayesomanga habari zake? Mama yako Teresa alileta jina kwa maombi, wiki ya tatu hii. Tunafunga na kumwombea kila Jumatano. Tumesema, Bwana akimwinua huyo, na wetu atainuka."

Kosa lilikuwa langu. Maisha yake yote, nilichomsomea Mama kilikuwa barua, au gazeti, au ilani ya chifu. Mambo ya uongo yalikuwamo humo tele, lakini watu walikuwa wa kweli. Angejuaje kwamba mtu anaweza kukaa chini akamzulia mtoto ugonjwa?

Nilimwambia Mama jioni ileile. "Debora hayuko, Mama. Ametungwa."

"Ametungwa na nani?"

"Na mwandishi."

"Na huo ugonjwa?"

"Huo upo."

"Basi hatujakosea sana," akasema, akaendelea kupepeta mtama. "Jumatano wanakuja kusikia mwisho. Usiende kutembea."

Jumatano wakaja, Phoebe na wenzake watano, vitambaa vyeupe kichwani. Selpher aliketi mkekani ameegemea ukuta, blanketi magotini ijapokuwa jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeamua kabla hawajafika. Nilisoma vizuri mpaka Debora aliposhikwa na homa ya mwisho, kisha nikageuza kurasa mbili kwa pamoja, nikasema, kwa sauti ileile ya kusoma, "Asubuhi homa ikashuka. Debora akafumbua macho, akaomba uji."

"Haleluya!" Phoebe akasimama.

"Mjomba," Selpher akasema. "Umeruka."

"Karatasi zimegandana."

"Hazijagandana. Nimekuangalia kidole."

Vicheko vikatoka, kisha vikakatika, maana Selpher hakuwa akicheka.

Zamani, mwaka ule kiwanda cha sukari kilipokuja kutafuta mashamba, afisa wa miwa alitusomea mkataba uwanjani kwa chifu. Alivaa kaunda suti ya kijivu. Jina lake ninalo, na la baba yake. Alilowesha kidole, akageuza kurasa mbili kwa pamoja. Humo ndimo mlimoandikwa kwamba mkulima hatakata miwa yake mwenyewe bila ruhusa. Baba akatia dole gumba. Nilipojua kusoma nilisimama katika uwanja uleule nikazisoma kurasa hizo kwa sauti kubwa, na ndiyo sababu sikupewa tena panga la kukatia miwa. Kwa miaka kumi na zaidi nimewaambia watu kwamba anayemrukia mwenzake ukurasa amemwibia. Na sasa nilikuwa nimelowesha kidole.

Nikarudi nyuma, nikasoma.

Debora alikufa alfajiri. Palikuwa na maua dirishani, na kila mtu alimsamehe kila mtu. Akina mama walilia wazi, kama wanavyolia kwenye matanga, mmoja akishika kiuno. Mama hakulia.

"Wamemzika wapi?" akauliza.

Nikatazama. "Haijaandikwa."

"Msichana hajaolewa, hawasemi wamemzika upande gani wa nyumba?"

"Hawasemi, Mama."

"Huyo mwandishi hana watu."

Phoebe alimgeukia Selpher, akamshika mkono. "Mwanangu, usivunjike moyo. Ya Debora ni ya Debora."

"Sijavunjika moyo, Mama Phoebe. Nimekasirika." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Kuuma shuka! Mwezi mzima anauma shuka, mama yake amelala chumba cha pili. Nani alimwambia ni vizuri? Kitabu kinamsifu. Mimi nikishikwa nitapiga kelele bweni zima liamke, mpaka matroni aje na nguo ya kulalia."

"Utafanya hivyo wapi?" nikauliza.

"Shuleni. Wapi tena?"

Awinja, mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia jikoni haraka, tukasikia sufuria zikigongana bila sababu.

Hapo nilitaka kukipenda kitabu kile, na hata leo sijaweza. Kilimdanganya kuhusu hospitali, kuhusu madaktari, kuhusu namna watu wanavyokufa. Lakini hasira ile aliipata humo, na mimi, niliyezunguka Lurambi hadi Matete nikiwatia watu hasira juu ya mikataba ya miwa, kwake nilikuwa nimeleta uji niliomzulia Debora.

Akina mama walipoondoka, Selpher alinituma kalamu na karatasi.

"Andika barua kwa mwalimu mkuu. Nataka mablanketi mawili. Nataka nisikimbizwe alfajiri kwenye umande. Na walimu wote wa zamu wajue jina la ugonjwa wangu."

Nikaandika: *Sisi wananchi tuliovumilia dhuluma kwa muda mrefu*.

Alichungulia begani kwangu.

"Aa, Mjomba. Futa. Anza na 'Mpendwa Mwalimu.'"

Nikafuta.