Sala Katika Sebule Inayoelea

Nilianza kujifunza kusoma upepo nikiwa tayari nina wajukuu. Wenzangu wa darasa la jioni la ubaharia walikuwa vijana ambao wakisikia neno dhoruba macho yanawang'aa. Mimi nikilisikia, nilikuwa natazama choo kiko upande gani. Hata hivyo sikukosa kipindi. Nilikaa dawati la mbele, miwani puani, na kila mwalimu alipouliza kama tumeelewa nilikuwa wa kwanza kuitikia. Kwenye mtihani nilikuwa wa kwanza pia, ukihesabu kutoka chini.

Kazi yangu ni ufundi wa makochi. Maisha yangu yote nimewatengenezea watu mahali pa kukaa, mwenyewe nimesimama. Watoto walipoondoka nyumbani mmoja baada ya mwingine, likaniingia wazo kwamba mimi na mke wangu tuiache nyumba, tununue mashua ya matanga, tuishi humo na kuvuka bahari kuu. Wazo hilo niliombea sana. Niliomba asubuhi, niliomba jioni, na kila nilipoomba nilisikia jibu la ndiyo kwa sauti iliyofanana mno na yangu.

Mke wangu ni mkunga mstaafu. Mtu aliyetumia miaka yake kuwaambia wenye uchungu wasubiri kidogo hana haraka ya kubishana, naye hakubishana. Alinipa sharti moja tu. Yeye hajui mashua, alisema, mimi ndiye niliyekwenda shule. Siku tutakayoipata, ataniuliza swali moja: je, hii itatuchukua huko nje salama, na tutaweza kuishi ndani yake? Nikisema ndiyo, atamkabidhi mdogo wake funguo za nyumba na hatarudi nyuma. Sikulichukulia sharti hilo kwa uzito wake mpaka nilipomkuta shemeji yangu sebuleni kwetu akipima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Ndipo dalali akatupigia simu kwamba kuna mashua, safi, imefungwa gatini, twende tukaione kabla haijaondoka. Dalali alikuwa mtu mcheshi. Tulipofika nusu ya gati mimi nilikuwa mzee wake, na mke wangu alikwisha kuwa shemeji yake.

Ilikuwa mashua ya kiwandani, ya aina inayofyatuliwa kwa wingi kama matofali. Mwalimu wetu, mama aliyewahi kuongoza meli za mizigo, alikuwa ametuambia kwamba hilo si kosa. Za aina hiyo zimevuka bahari na kurudi. Ila nyingine zimechorwa kwa ajili ya watu wanaotoka Jumamosi, wanazunguka kidogo, na kurudi kunywa chai kamba zikiwa zimefungwa. Kazi ya mnunuzi ni kujua iliyo mbele yake ni ipi. Akatuonya kwamba mashua iliyofungwa gatini ni kama mchumba siku ya kujitambulisha kwa wakwe: kila kitu kinasema shikamoo. Mwulize, alisema, atakuwaje siku upepo umemlaza upande na hajalala usingizi.

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani nilipokanyaga sitaha. Nilitazama mlingoti, nikagonga hapa na pale kwa kiganja kama watu wanavyogonga tikiti maji, nikatikisa kichwa kama ninayejua nilichosikia. Kisha nikashuka ngazi, nikaingia ndani, na elimu yote ikabaki juu.

Kulikuwa na sebule. Pana, nyeupe, yenye mwanga, na kochi lililozunguka meza kama kwato ya farasi. Nilipiga magoti, nikaanza kukagua mishono. Ilikuwa imepigwa mara mbili. Sponji ilikuwa nzito, ile inayorudi taratibu ukiibonyeza. Pembe zilikuwa zimezungushwa vizuri kiasi kwamba nilitaka kumjua fundi nimpe mkono. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na dalali aliniona nikikohoa.

"Mzee wangu," alisema, "naona umeona."

Nilikuwa nimeona kweli. Nilikuwa nimeona kochi.

Mke wangu alikuwa akipita huku na huko, akifungua na kufunga, kama alivyokuwa akikagua wodi. Aliuliza habari za maji. Dalali akajibu kwamba maji ya wikendi nzima yapo, tena bandarini bomba liko pale pale. Nilisikia, nikaendelea kubonyeza sponji. Aliuliza injini inafikiwaje ikisumbua. Dalali akafunua kifuniko chini ya ngazi, na nyuma yake palikuwa na upenyo wa kupitisha mkono wa mtoto. Nikasema mkono utazoea. Kule nyuma kulikuwa na kitanda kipana ambacho tungeweza kulala sisi na mabalozi wa nyumba kumi. Mke wangu akakitazama muda mrefu, akauliza mtu anajizuiaje asibingirike. Nikamjibu kwa maneno mengi, yenye upepo wa mbele na upepo wa nyuma, na nilipomaliza hata mimi sikujua nimesema nini.

Sasa, sisi tuna desturi. Hatuhamii mahali bila kuomba katika kila chumba. Tulifanya hivyo katika chumba kimoja cha kupanga tulipooana, tukafanya katika karakana yangu kabla cherehani haijaingia. Nikamwomba dalali atupe nafasi. Akavua kofia kwa adabu, akaenda kusimama kwenye ngazi.

Tuliomba chumba cha mbele. Tuliomba chumba cha nyuma. Chooni tuliomba kwa ufupi. Sebule niliiweka ya mwisho, kama mtu anayebakiza nyama. Nikapiga magoti katikati ya sakafu, ambayo ilikuwa imepigwa vanishi ikang'aa kama kioo, nikafumba macho na kuinua mikono. Mke wangu aliomba amesimama penye jiko, pembeni mwa sebule hiyo hiyo, mkono mmoja ameushikilia mhimili wa ngazi. Niliomba kwa kirefu. Nilimshukuru Mungu kwa chombo hiki kana kwamba nimekwisha kukipokea, kisha nikafika kwenye maneno ambayo huwa naweka mwishoni kwa heshima tu, kama mgeni anavyosema ameshiba. Nikasema, ee Mola, kama hiki si chetu, tuonyeshe.

Nje ikapita tagi, ile boti inayovuta meli, ikikimbia kuliko inavyoruhusiwa.

Mwanzoni nilidhani nimeguswa. Nilihisi ninachukuliwa, macho yangu yakiwa bado yamefumbwa na mikono juu, nikiteleza kwa magoti kuelekea kushoto. Kisha kochi likanipokea kwa paji la uso, na nithibitishe kwamba sponji ilikuwa nzuri. Mashua ikapumua, ikalala upande wa pili, nami nikarudi nilikotoka, nikapita, nikaenda mpaka ukuta wa kulia. Nilinyoosha mikono kushika chochote. Kuta zilikuwa laini. Dari lilikuwa laini. Meza ilikuwa ya mviringo na imepakwa nta. Sebule nzima haikuwa na mahali pa kushika ila kifundo cha mguu wa mke wangu, nami nikakishika.

Maji yalipotulia dalali alikuwa ameikumbatia ngazi. Alisema ni mawimbi ya tagi tu, yanapita.

Mke wangu hakucheka. Nilijua anataka, kwa sababu mguu niliokuwa nimeushika ulikuwa unatetemeka.

"Na huko nje," aliniuliza, "nako yanapita?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na nilijua limefika. Dalali akawahi kusema kwamba vishikio vinafungwa, fundi yupo, kazi ya siku moja. Alisema kweli. Nami nilitaka sana kumnukuu. Ulimi ulikwisha kukaa mkao wa ndiyo.

Nikapanda kwenye kochi nijilaze kidogo, goti likiwa linauma. Nikajaribu kunyoosha mwili. Kwato ya farasi hainyooki. Kichwa kilikuwa huku, miguu kule, kiuno kinaning'inia katikati. Nikajaribu upande mwingine, ikawa vile vile. Na hapo, baada ya masomo yote yale, kilichonijia kichwani hakikuwa sauti ya mwalimu. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe karakanani, nikimwambia mteja kile ninachowaambia wote: hili ni la kukalia wageni, mama, si la kulaza mgonjwa. Huko nje, katikati ya maji, mmoja akichoka au akiugua angelazwa wapi? Kitanda cha nyuma kingembingirisha, hiki kingemvunja mgongo. Na maji ya wikendi. Na upenyo wa mkono wa mtoto.

"Hapana," nilisema. Lilitoka dogo, nikalirudia. "Hapa bandarini ni nyumba nzuri. Wikendi ni raha tupu. Huko nje itatufua kama nguo."

Dalali alivaa kofia yake. Hakukasirika, alisema laiti ningemwambia mapema kwamba tunataka ya kwenda, yeye alidhani tunataka ya kukaa. Akatupungia mkono, akaenda na undugu wake.

Tulirudi kwenye gati taratibu, mimi nikichechemea. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nimeinama tangu asubuhi, ila sikuwa natafuta cha mvunguni. Nilimwambia mke wangu tumpigie mdogo wake simu kwamba mambo yameharibika.

Alisimama. Ndipo akacheka, kicheko chote alichokuwa amekibana, mpaka akajishika kiuno. Alipomaliza akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nilikuona unavyopapasa lile kochi, nikasema kimoyomoyo, basi, nimekwisha," alisema. "Ningetoa funguo, maana niliahidi. Ila ningepanda na woga wangu nimeufunga mgongoni."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuona unakikataa kitu unachokipenda. Mtu huyo naweza kwenda naye. Tafuta nyingine, nyembamba. Mdogo wangu mwambie asubiri, lakini mapazia asiyauze."

Jioni ile nilipiga magoti kando ya kitanda chetu kama kawaida. Sala ilikuwa fupi, bila maneno ya heshima mwishoni, maana yale yanasikika. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimeng'ang'ania mguu wa kitanda kwa mikono miwili, nyumba hii haiendi popote.

Nikamwambia najizoeza.