Bunduki Iliyobaki Ukutani

Kwa desturi yetu sisi Wajaluo, kijana anayekwenda kufungua boma lake mwenyewe huondoka alfajiri na jogoo na shoka. Baba yake humtangulia njiani, kwa kuwa hakuna boma linalosimama pasipo mkono wa mzazi. Mjukuu wangu Elijah hakuwa na baba. Mwanangu alikufa vitani Burma, wala hatukuletewa hata kifungo cha shati lake. Basi wajibu huo ulikuwa wangu. Jogoo nilikuwa naye, na shoka nilikwisha kulitia mpini. Lakini mwaka ule wa 1965 niliazimia kuongeza kitu cha tatu, nacho ni bunduki.

Sikuwa mtu wa kupenda silaha. Nilifundisha watoto hapa Migori mpaka nilipostaafu, na katika kanisa la Wasabato nilikuwa mzee. Ila Elijah alipata shamba katika bonde la Lambwe, ambako serikali ilikuwa ikigawa ardhi, na nguruwe mwitu wakayala mahindi yake ya kwanza mpaka mabua. Msimu mzima alilala katika kibanda cha nyasi, akipiga debe kuwafukuza. Mkewe, Phelesia, alikuwa bado nyumbani kwangu akingoja kupelekwa kwenye boma lake. Kama mavuno ya pili nayo yangeliwa, Elijah angeliacha shamba akatafute kibarua mjini. Nami nilimlea awe mwenye nyumba, si mpangaji.

Polisi walipotupatia kibali, tulipanda basi asubuhi ya Ijumaa hadi Homa Bay, tukikusudia kurudi kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia. Njia nzima Elijah alisinzia. Nilidhani ni uchovu wa kulinda shamba.

Katika duka la bunduki alikuwamo Bwana Onyancha, Mkisii mmoja mcheshi aliyewahi kuwa askari.

"Karibu, Mwalimu! Uzeeni huku unakwenda kupigana na nani?"

"Na nguruwe."

"Wa miguu minne au wa miguu miwili?"

"Bwana Onyancha, mimi ni Msabato. Nguruwe wa kila aina nimewaacha."

Alicheka mpaka akashika meza. "Hata mimi ni Msabato. Basi tutawaua bila kuwala!"

Akatushushia kwanza bunduki kubwa ya mitutu miwili. "Hii inaangusha nyati."

"Itaangusha na pensheni yangu pia," nilimwambia. "Tuonyeshe ya mtu anayeanza."

Ndipo akaitoa ile ndogo iliyotundikwa chini kabisa ukutani. Ilikuwa nyepesi, kitako chake cha mti mwekundu, na ilipokea risasi moja tu kwa wakati mmoja. "Hii haimpigi mtu teke begani," alisema, "na bei yake ni ya mwalimu, si ya mkuu wa wilaya." Nilichungulia ndani ya mtutu nikiuelekeza mlangoni penye mwanga, ulikuwa safi. Nilipenda hasa ile risasi moja. Mwenye risasi moja hufikiri kabla ya kufyatua.

Nikamwita Elijah, aliyekuwa ameegemea magunia tangu tuingie.

"Haina kitu ndani," Onyancha alimwambia. "Ilenge ile saa ya ukutani, tuone."

Elijah aliinua bunduki, akalaza shavu juu ya kitako, akafumba jicho la kushoto. Mtutu ukatulia kidogo. Kisha ukaanza kutetemeka, ukashuka kutoka kwenye saa hadi kwenye rafu, na kutoka kwenye rafu hadi sakafuni.

"Bwana arusi huyu!" Onyancha alipaza sauti. "Kumbe usiku huachwi ulale?"

Wateja wakacheka. Mimi nilisogea, nikaona jicho la kulia nalo limefumba. Mjukuu wangu alikuwa amelala wima, shavu likiwa juu ya bunduki.

Usingizi ule nilikwisha kuuona. Nilipokuwa mtoto kule Muhuru, wakati malale, ule ugonjwa wa usingizi, yalipopita ufukweni mwa ziwa yakimaliza watu, mama yangu alilala mchana mkono wake ukiwa juu ya jiwe la kusagia, mtama haujasagwa hata nusu. Jiwe lile halikutumika tena. Na bonde la Lambwe lilikuwa na mbung'o, nzi wanaouleta ugonjwa huo.

Nilimwondolea bunduki mikononi. Akashtuka, akajifuta mdomo.

"Kwara," alisema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "ni hii hii. Nimeipenda."

"Kwa leo itarudi ukutani."

"Kwa nini? Mikono imetetemeka kidogo tu. Umeona sifai?"

"Kichwa kinakuuma?"

Akageuka kuitazama bunduki.

"Nimekuuliza, Elijah."

"Kinauma tangu kabla ya palizi. Homa nayo huja, huondoka. Ni malaria tu, Kwara. Nunua twende."

"Unafaa, mwanangu. Ndiyo sababu tunakwenda hospitali."

Onyancha hakuwa akicheka tena. Aliitundika bunduki mahali pake. "Nitakuwekea, Mwalimu. Hatauziwa mtu."

Hatukurudi Migori siku ile. Sabato ilinikuta nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali. Daktari alimchoma Elijah mgongoni, akachukua maji ya uti wa mgongo, akaniambia kwa upole kwamba ugonjwa umekwisha kufika kichwani. Sindano za dawa yake zilikuwa kali. Kijana aliyeilinda mali yake kwa debe alilia kama mtoto.

Hata hivyo, kwa siku kadhaa alipata nafuu. Phelesia alipokuja, Elijah alimtania: "Wewe ndiye utakayefundishwa kulenga kwanza. Jicho langu moja hupenda kulala." Phelesia alicheka akiwa ameziba uso kwa leso. Kisha Elijah akanigeukia.

"Kwara, bado ipo?"

"Ipo ukutani."

"Usikubali wakaiuza."

"Haitauzwa."

Alifariki wakati mahindi yalipoanza kutoa mbelewele.

Ipo desturi nyingine kwetu. Mwanamume akifa, wanaume huwatoa ng'ombe zizini, hubeba silaha, na kwenda mbio hadi porini kukifukuza kifo. Kwa miaka mingi niliipinga kanisani, nikisema kifo hakiogopi mkuki. Siku ya mazishi, jirani na rika langu Nicanor alisimama langoni, vijana wenye mikuki wakiwa nyuma yake.

"Mwalimu, msimamo wako tunaujua. Ukisema hapana, tutageuka."

Nilitazama kaburi, udongo wake ukiwa bado mbichi.

"Fungueni zizi," nilisema, nikainuka niende nao.

Nicanor akanizuia kwa mkono. "Silaha ya marehemu ndiyo hutangulia. Ya Elijah iko wapi?"

"Iko Homa Bay. Ukutani."

Hakuna aliyenicheka. Nicanor alininyooshea mkuki wake, lakini sikuupokea. Ndipo Phelesia alipotoka ndani na lile shoka, mpini wake ukiwa bado mweupe, haujashika jasho la mtu. Aliliweka mikononi mwangu. Nikaliweka begani, nikatangulia mbele ya ng'ombe kuelekea porini, kama nilivyopaswa kumtangulia Elijah njiani.