Sebule ya Kuta Tatu

"Mama Kidomo, huyu si mwanao?"

Msusi aliuliza hivyo jioni moja, amesimama mlangoni kwake, kitana amekiacha kimechomekwa kwenye nywele za mteja. Mjane alikuwa upande wa pili wa ua akipinda sketi, pini tatu mdomoni. Hakujibu mpaka alipozitema zote kiganjani, kwa sababu fundi mmoja wa mtaa wa nyuma aliwahi kumeza moja kwa kujibu haraka. Kisha akavuka ua kwenda kuangalia.

Kwenye televisheni ya msusi kulikuwa na sebule kubwa yenye makochi meupe. Mwanamke mwenye mkufu mzito alikuwa ameinua kiatu.

"Hiki kimoja tu," alisema, "kina thamani kuliko nyumba mliyokuwa mnakaa."

"Basi mvua ikinyesha, mama mkubwa, uingie humo," alijibu msichana aliyeshika sinia.

Watu wasioonekana wakacheka. Msusi akacheka, mteja akacheka, na mjane naye akacheka, kabla macho yake hayajafika kwenye uso wa msichana. Alikuwa Kidomo, mwanawe wa pekee. Mwenye kiatu alikuwa mke wa shemeji yake.

"Kumbe siku hizi anaigiza!" alisema msusi.

"Haigizi," alisema mjane. "Anakaa pale."

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kikao cha familia, siku ya tatu baada ya maziko ya mumewe. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye maduka ya vigae, alisema atamchukua mtoto amsomeshe. Kidomo alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikulia stendi akiuza zipu na vifungo, na aliweza kumtambua mwizi kwa kuangalia viatu vyake. Wazee walimuuliza mjane mara tatu kama amekubali, na mara tatu alijibu, "Nimekubali mbele ya Mungu na mbele yenu." Alimshonea mtoto sare ya shule na kumwachia upindo wa vidole vinne, kama mafundi wanavyowafanyia watoto ambao bado wanakua. Kila akirefuka, unafumua kidogo, unashusha.

Tangu jioni ile ya kwanza kwa msusi, kipindi kilikuja kila siku, mara tu baada ya sala. Mtaa mzima ulikipenda. Kila mara kilianza vilevile: Kidomo anashuka ngazi amevaa sare, begi mgongoni. Mama mkubwa anasema leo kuna wageni. Baba mkubwa anashusha gazeti na kusema, "Shule ni kesho, mwanangu." Watu wanacheka. Kidomo anavua sare, anaosha vyombo, anasema maneno yake, watu wanacheka tena. Keshoye anashuka ngazi.

Mjane aliangalia kwa miezi kumi na minne. Hakuangalia kama wengine. Aliangalia magoti. Sare ilikuwa bado inafika palepale, chini ya goti, na upindo haujafumuliwa hata uzi mmoja.

"Hakui," alisema.

"Si afadhali," alisema mume wa msusi, fundi baiskeli. "Wangu kila mwezi anataka viatu."

"Miaka kumi atakuwa anashuka ngazi zile. Ishirini. Mimi nitakufa, yeye atakuwa anaambiwa shule ni kesho."

Mjane alifunga siku tatu, akaomba, kisha akachukua utepe wa kupimia na kwenda kumleta mwanawe.

Mlinzi wa geti alimfungulia bila maswali. "Mama, usipite mlango wa nyuma," alimwambia. "Ule umechorwa tu."

Sebule ilikuwa na kuta tatu. Upande wa nne palikuwa na giza, na ndani ya giza watu walikuwa wanakohoa na kusogeza viti. Mjane alipoingia walimpigia makofi. Alisubiri yaishe, maana hakuona heshima kusalimia watu katikati ya kelele.

"Karibu, mdogo wangu," alisema mke wa shemeji. Hakugeuka; hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuligeuzia mgongo giza lile.

"Ahsante. Nimekuja kumchukua mtoto."

Giza likacheka.

"Shemeji," alisema shemeji yake kwa upole, "si wewe uliyekubali mbele ya watu?"

"Nilikubali asome."

Giza likacheka zaidi, na mtu mmoja akapiga mluzi. Kidomo alitoka jikoni mikono ina povu, akamkumbatia mama yake. Mjane alimpima palepale: bega, kifua, kiuno hadi goti. Hakuongezeka hata nusu kidole.

"Mama, ongea polepole," Kidomo alimnong'oneza. "Wanakungoja umalize ndio wacheke."

"Kwa nini huwanyamazii?"

"Nimejaribu. Mdomo unasema wenyewe. Nikilia wanacheka, nikiumwa wanacheka. Siku nilipoungua na mafuta walicheka mpaka mama mkubwa akaniambia nirudie." Alionyesha mkono. Haukuwa na kovu. Huko kila kitu kilirudi kilivyokuwa.

Mjane akapiga magoti kwenye kapeti, akamwomba Mungu kwa sauti. Hicho ndicho kilichowachekesha kuliko vyote. Shemeji alitazama chini kwa aibu kidogo, kwani naye alikuwa mtu wa ibada.

Aliposimama alimshika mwanawe kiganja kwa nguvu na kutoka naye kwa mlango wa mbele. Alijikuta nje ya geti ameshika hewa, vidole vina povu.

"Huo mlango unatoa waliokuja kutembea tu," alisema mlinzi. "Kuna mzee wa bustani aliwahi kutoka. Siku hiyo hakuna aliyemcheka, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alishika reki yake akaenda kwao."

"Hao wanaocheka wako wapi?"

"Wako majumbani kwao, mama. Mbele ya televisheni."

Mjane alizunguka mtaani siku mbili, nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu wasicheke jioni ya tatu, na waliomsikia wakawatumia ujumbe ndugu zao wa mbali. Hakuna aliyemwona mwehu. Muuza nyama alisema ni jambo dogo, yeye mwenyewe hajacheka tangu amuoe mkewe. Watu walikubali kwa sababu mjane aliwashonea sare watoto wao, na kwa sababu walikuwa watu wema.

Jioni ya tatu walijaa chumbani kwa msusi, watu kumi na tisa. Kidomo akashuka ngazi.

"Shule ni kesho, mwanangu," alisema baba mkubwa.

Chumba kikatulia. Na kule ndani pia kukatulia. Giza halikutoa hata kikohozi. Shemeji alikunja gazeti, akalikunjua. Mkewe alirudia neno lake la wageni mara mbili, mara ya pili akaliacha katikati. Mjane alisikia saa ya ukutani ya sebule ile, ambayo hakuwahi kuisikia. Muuza nyama alikuwa ameuma kofia yake.

Mlango wa mbele ukafunguka taratibu. Nje palionekana barabara ya kweli, na mtu akipita amebeba ngazi ya mbao. Kidomo aliiona. Aliweka begi chini, akaenda, akashika kitasa. Mguu mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti.

"Mungu wangu, mwache," alisema mjane polepole.

"Na vyombo?" alisema mama mkubwa, kwa sauti ya mtu aliyepotea kweli. "Nani ataosha vyombo?"

Kidomo aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mikono ikashuka yenyewe.

"Ni rahisi, mama mkubwa. Sabuni ni ile inayotoa povu. Ukiona haitoi povu, ujue umeosha masufuria kwa mafuta yako ya uso."

Msusi alijibana. Alijibana kweli, machozi yakamtoka, akajifunika kanga usoni. Kisha kicheko kikampasuka. Fundi baiskeli akafuata, muuza nyama akatema kofia, na giza lote likaangua kicheko kama ukuta ulioporomoka. Mlango ukajifunga. Kidomo alikuwa upande wa ndani, anatazama mbele, mahali ambapo mama yake alikuwa amekaa.

"Nisamehe, dada yangu," alisema msusi akijipangusa macho, bado mabega yanatikisika. "Lakini mwanao naye! Kesho tutajaribu tena. Kesho sicheki, naapa."

Wote walitikisa kichwa kukubali. Walikuwa wanamaanisha. Kwenye televisheni Kidomo alikuwa amekunja mikono ya nguo na kufungulia maji, na mtu mmoja aliyekaa nyuma chumbani akaomba sauti iongezwe kidogo.

Mjane alisimama, akapita katikati ya magoti yao, akatoka.