Jicho la Lobin

Mchoraji alikuja Jumatano asubuhi, mkoba wa kitambaa begani, na ile karatasi tayari mkononi. Nilipomwona anakata kona ya kisima nikajua anakuja kwetu. Nilisimama na ndoo kichwani, maji yakinimwagikia shingoni, nisiweze kwenda mbele wala kurudi.

Katika vijiji vyetu mchoraji hakaribishwi, lakini hafukuzwi pia. Akisikia pana msiba anakuja na picha ya marehemu. Kila kitu kimechorwa, nywele, shuka, miguu, isipokuwa mboni ya jicho. Anakwambia mtu wako yuko kule anatangatanga, haoni, anajigonga kwenye miti, anaomba jicho ili aione njia ya kwenda kwa mababu. Unampa kuku au bakuli la shaba, anachovya kijiti chake chenye manyoya ya mbuzi, anaweka nukta moja. Basi. Mtu wako anaona, anakwenda zake.

Lakini kwetu hapakuwa na msiba. Kwetu palikuwa na Lobin, mume wangu, aliyekwenda kujenga barabara kwenye milima ya kaskazini, na ambaye kila Jumanne alituletea salamu.

Jumanne ni siku ya soko, na sokoni ndiko simu yangu inakoshika mtandao. Nikirudi, mama mkwe ananingoja kizingitini na ungo wake. "Haya, anasemaje?" Ninatoa simu, ninaisogeza karibu na uso, ninasoma polepole. Yeye hajui herufi hata moja. Mimi niliacha shule darasa la nne nikachunge mbuzi, lakini herufi ninazozijua zilitosha kumdanganya.

Kwa sababu simu haikuwa na kitu. Lobin alikufa miezi minane kabla mchoraji hajaja. Sagram, aliyekwenda naye kazini, alinivuta nyuma ya muuza chumvi siku aliyorudi, akaniambia bila kunitazama. Mlima ulimomonyoka asubuhi, mawe na theluji pamoja. Alimwona Lobin akiteremka nao hadi mtoni, koleo bado mkononi. Walichimba siku nne. Mkandarasi akasema inatosha.

"Mwambie mama yake," Sagram alisema. "Mimi siwezi. Alinilisha nikiwa mtoto."

Na mimi je, ningeweza? Ninafika nyumbani, mama mkwe anacheka peke yake kwa sababu kuku ameangua, ananiuliza, "Haya, anasemaje mwanangu?" Nikatoa simu. Nikasema, "Anasema baridi ni kali, lakini amepata koti."

Nilifikiri ni kwa siku ile tu.

Koti lile likahitaji mwenye koti, na mwenye koti akahitaji mahali pa kulala. Nikamhamisha kambi. Nikamvusha juu ya mlima uliofungwa vitambaa vya rangi, nikampa rafiki mpishi mwenye ng'ombe wa manyoya marefu yanayofagia chini. Mimi ambaye watu wakiniuliza jina ninatazama vidole vya miguu, nilikuwa nikisimulia mpaka chai inapoa. Njiani kutoka sokoni nilimwona Lobin kabisa. Nilijua amefika wapi na anakwenda wapi. Nilijiambia, maadamu nina maneno, anatembea. Siku nitakayonyamaza ndiyo siku atakayoanguka.

Halafu maneno yakaanza kuisha. Jumanne moja nilifika mlangoni kichwa kitupu. Nikakumbuka Sagram aliwahi kusema kule juu kuna ziwa kubwa lenye bata bukini wa mwitu. Nikasoma: "Njaa ilituuma. Tukamnasa bata bukini mmoja, tukamchoma, tukamla palepale kwenye theluji."

Mama mkwe aliacha kupepeta mchele. "Alikula?"

"Alikula, Mama. Anasema alikuwa mtamu kweli."

Hakuuliza lingine. Tangu siku hiyo akaanza kusema anasikia mtu anajigonga mlangoni. Tunakula, anainua uso: "Umesikia? Huyo, amepiga bega." Hakuna kitu, Mama, nasema, ni mbuzi. Alipungua mpaka bangili zake zikawa zinateleza hadi kiwikoni.

Na sasa mchoraji yuko uani kwetu.

Jina lake Dukhu. Ni mzee mwenye meno mekundu kwa tambuu na sauti ya mtu aliyezoea kuimba penye kilio. Alikaa kwenye kitanda cha kamba kabla hajaambiwa karibu. Jirani yetu Balha, ambaye hakosi neno, alikuwa ameshaegemea ukuta.

"Umemleta nani leo, babu wa rangi?" Balha akamtania. "Maana marehemu wako wote wana sura moja. Mume wangu ulimchora na masharubu, na yeye hadi anazikwa hakuwahi kuota hata unywele wa mdomo!"

"Kule waliko yanaota," Dukhu akamjibu. "Ukienda utayaona."

"Nisubiri basi. Nikiyakuta sijui nitamtambuaje!"

Balha alicheka peke yake. Mama mkwe hakucheka. Alitoka ndani na bakuli lake la shaba, lile alilopewa na mama yake siku ya kuolewa, akaliweka mbele ya mchoraji. Ndani yake alikuwa ameweka mchele. Nikaelewa. Si kwamba mchoraji alisikia akaja. Ni yeye aliyemwita.

Dukhu akafungua karatasi juu ya magoti. Kijana amechorwa upande, anatembea, mguu mmoja mbele. Koleo begani. Usoni lile jicho moja refu, jeupe, tupu.

"Koleo nilimwambia mimi," mama mkwe akasema. Kisha kwa sauti ndogo: "Mpe jicho. Nimechoka kumsikia."

Dukhu alichovya kijiti kwenye masizi. Akakisimamisha juu ya uso ule, halafu akakirudisha.

"Nani alimwona?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nauliza kwa kuwa mwili haukuletwa," akasema, na ule utani wote ulikuwa umemtoka. "Jicho hili ni la wafu. Ukimpa aliye hai, ataiona njia ya wafu na kuifuata, popote alipo, hata kama anakula. Baba yangu alifanya kosa hilo mara moja, na ile nyumba hatupiti tena. Basi mtu wa nyumba hii aniambie kwa mdomo wake: amekufa, na alikufa hivi. Nikishajua njia aliyoipita, nitaiimba. Nisipojua, ninafunga mkoba."

"Mama yake amekuita, hiyo haitoshi?" Balha akasema.

"Mama anaota. Sichori ndoto."

Mama mkwe alinitazama. Na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa na bangili ya chuma mkononi, ile anayovaa mwanamke mwenye mume. Nikiisema ile habari, itavuliwa. Nitafutwa rangi nyekundu ya utosini, alama ya mke. Huenda nirudi kwa kaka zangu, huko nilikotoka bila hata sahani yangu. Lakini, Mungu anajua, si hilo lililonifunga mdomo. Niliona kwamba nikisema, ni mimi nitakayemuua. Mlima ulimfunika mara moja, mimi nilimfukua kila Jumanne. Sasa wananitaka nimrudishe chini kwa mikono yangu.

"Si lazima leo," nikanong'ona. "Mwache mzee aende. Labda Jumanne..."

"Labda Jumanne nini?" mama mkwe akauliza.

"Labda kutakuwa na habari."

Dukhu akaanza kukunja karatasi. Mama mkwe akainuka ghafla, akashika ile karatasi kwa mikono miwili, na mzee naye akaishika, nikaogopa itachanika katikati ya tumbo la Lobin.

"Usiondoke! Atanivunjia mlango!" alipiga kelele. "Anajigonga kila siku, ana jeraha hapa, na hapa, hajui kama amefika kwao! Salge! We Salge! Una moyo gani wewe? Mwenzio haoni!"

Hakuwahi kunipazia sauti tangu niolewe. Nilikaa chini palepale kwenye matope ya maji yaliyomwagika kutoka ndoo yangu, na neno likanitoka kama tapishi.

"Amekufa."

Mama mkwe akanigeukia, ile karatasi bado mikononi.

"Amekufa, Mama. Tangu kabla ya mavuno. Sagram alimwona. Mimi ndiye niliyekuwa nikitunga. Koti ni mimi. Mpishi ni mimi. Hakuna chochote kwenye simu." Nikamsukumia ile simu, kana kwamba angeweza kuisoma. "Nipige. Nifukuze."

Balha alijiziba mdomo kwa pindo la nguo yake ya begani. Mama mkwe akaiacha ile karatasi. Akakaa kando yangu, taratibu, goti baada ya goti.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokula bata bukini." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wewe ni mtoto wa ukoo wa Murmu, ndugu yenu ni paa mkubwa wa msituni, humgusi. Sisi ni Hansda. Ndugu yetu ni yule bata. Mwanangu akiwa mdogo, wenzake walimpiga mawe bata bwawani, akaumwa homa kwa kulia. Angekufa kwa njaa ameshika shingo ya bata mkononi, asile. Uliposema alikuwa mtamu, nikajua huyo si Lobin anayesema. Na kama si Lobin, basi Lobin yuko wapi?"

Miaka mitatu nimepikia nyumba ya Hansda. Nilijua. Lakini siku ile mlangoni, kwa haraka, nilimpa ulimi wa kwetu, ambako bata huliwa.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia, ungeacha." Alijipangusa pua kwa mkono. "Jumanne ilikuwa inakuja. Nilisema, wacha nisikie na hii. Na hii. Mpaka alipoanza kujigonga."

Dukhu hakutuharakisha. Alitema tambuu yake kando, akanyoosha karatasi tena juu ya magoti. "Sasa nipe njia, mwanangu. Ile ya kweli."

Nikampa. Haikuwa ndefu. Treni siku mbili, amekaa sakafuni karibu na choo. Lori lililojaa saruji. Hema la watu kumi na wanane. Asubuhi, mvuke wa chai. Koleo. Mlima. Mto. Kila kitu nilichokisema mzee alikirudia kwa wimbo, akigusa karatasi kwa kidole, na nilipofika mtoni sikuwa na zaidi, naye akaendelea peke yake, akamvusha mto, akampandisha ng'ambo kwa maneno niliyokuwa nikiyasikia kwa majirani tangu utotoni na kuyazibia masikio.

Kisha nukta. Ndogo kuliko mbegu ya haradali.

Niliinuka kwenda kuangalia. Nilitaka anione mara moja tu. Lakini amechorwa upande, na jicho lake lilitazama ukingo wa karatasi, mbele ya mguu wake, kule anakokwenda. Niliinama huku, nikazunguka huku. Hakuna upande ambao ungemfanya anitazame.

"Haya, nenda," mama mkwe akamwambia. "Angalia unapokanyaga."

Dukhu akaondoka na picha, bakuli na mchele. Picha huwa haibaki. Jioni Balha na wanawake wengine walinivua bangili, ikagoma, wakaipaka mafuta ya haradali, ikatoka na ngozi kidogo. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyesema nibaki pia. Nyumba ilikuwa kimya, mlango haukugongwa, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kugongwa. Mama mkwe alilala amegeukia ukuta siku tano. Nilimlisha uji kwa kijiko, akimeza kama mtu anayelipa deni.

Jumanne nilikwenda sokoni kwa sababu chumvi ilikuwa imeisha. Nilirudi nikitembea polepole, mkono uliokuwa na bangili mwepesi mno. Nilipokaribia nikamwona kizingitini. Hakuwa na ungo. Alikuwa amekaa tu, amejifunika shuka, midomo imepasuka.

Nikataka kumpita niingie ndani. Akanishika pindo la nguo.

"Amefika wapi?"

Nikamtazama nikidhani akili imemruka. Haikuwa imemruka. Macho yake yalikuwa mazima, na yalikuwa yananiomba.

"Mama, simu haina..."

"Sikukuuliza simu. Nimekuuliza amefika wapi."

Nilikaa. Nilitafuta kichwani, hapakuwa na kitu, giza tupu kama mdomo wa kisima. Nikaanza kwa neno lililokuwa karibu.

"Amefika ziwani."

"Wapo?"

Nilijua anauliza wale bata, ndugu zao. "Wapo, Mama. Wengi."

"Wamemtambua?"

"Wamemtambua. Wamempisha, apite katikati."

Hakuachia pindo la nguo yangu. "Endelea," akasema.