Bi Turkiya wa Barazani kwa Himid

Himid alikuwa karani wa ofisi ya umeme Ibra, na upole wake ulipita kiasi. Alizaliwa Tabora akaja Oman kijana, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia mtu kwamba amekosea. Wakimwita Hamad, huitika. Muuza samaki akimpa changu naye ametaka nguru, hupokea akashukuru. Mkewe Ghanima, fundi wa kushona, alikwishamzoea. Mambo ya kubisha katika nyumba ile alikuwa akibisha yeye.

Oktoba ya mwaka 2009 binti yao Khulood, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Jabal al Akhdhar, alikuja nyumbani na ombi. Hoteli ilikuwa ikitarajia kundi la Wazungu kwa sikukuu yao ya Halowini, na meneja alitaka mapambo ya kuweka nje, ya kutisha, yaliyotengenezwa kwa mkono. Ghanima akauliza Halowini ndiyo nini. Khulood akaeleza kwamba Wazungu siku hiyo huweka mizuka na mifupa milangoni mwao, na huchonga maboga wakayatia macho na meno na taa ndani. Ghanima akataka kujua kama watu hao watapanda ndege kutoka kwao, waje mpaka juu ya jabali, kwa ajili ya kutishwa. Khulood akasema ndivyo.

Ghanima alikataa mambo mawili. Jini hatashona, kwa kuwa nyumba yake inasomwa Kurani. Na boga hatalichonga, kwa kuwa boga hupikwa kwa nazi. Akalipika kwa nazi, wakalila. Kisha akakaa kitako akashona mtu.

Alimshona vizuri kuliko alivyotakiwa. Mifupa yake ilikuwa fito za mtende, na nyama yake matambara na pamba ya magodoro ya zamani. Akamfanya mwanamke, akamvisha abaya nyeusi, akamtia glavu mikononi, akamfunga shungi, na usoni akamvalisha barakoa kama wanayovaa wanawake wazee wa mkoa ule wa Sharqiya, ile inayofunika paji na pua. Vidole alivigandisha kwa gundi, na ili gundi ikauke akamtoa barazani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Halafu akaenda zake sokoni.

Himid alipotoka kwenda kazini alimkuta jirani yao, Bi Asya, mtu mzima wa Unguja, amesimama mbele ya kiti kile na uso wa kuudhika. Alikwishatoa salamu mara mbili asijibiwe.

"Shikamoo, Bi Asya," alisema Himid.

"Marahaba. Huyu mgeni wako kwao hawaitikii salamu?"

Himid akatazama kiti, akamtazama Bi Asya. Angeweza kusema kwamba lile ni sanamu la sikukuu ya Wazungu, na kwamba limekaa mlangoni pake. Lakini hiyo ingekuwa kumwambia kwamba amekosea.

"Amechoka na safari," alisema.

Bi Asya akaona haya papo hapo. Akauliza ametoka wapi. Himid akasema Bujumbura. Akauliza jina lake, na Himid akasema Turkiya, maana ndilo lililomjia ulimini. Ana udugu gani nao? Mama mdogo, upande wa Tabora. Kisha Himid akaingia garini akaondoka mbio, akijipa moyo kwamba mambo yameishia hapo.

Ghanima aliporudi alikuta baraza imejaa wanawake. Kulikuwa na wali wa nazi, mkate wa kumimina, halwa na birika la kahawa, na mmoja alikuwa akimpepea mgeni kwa upepeo. Himid aliporudi kutoka kazini alivutwa mpaka jikoni. Ghanima akamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alikuwa akiitafuta nafasi ya kusema, ikampita. Ghanima akamwambia basi na atoke akaseme sasa. Himid akatoka. Bi Asya alikuwa akimhadithia Bi Turkiya maradhi ya magoti yake, na alipomwona Himid alimwambia kwamba katika Ibra nzima hajapata mtu aliyeyasikiliza magoti yale mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Machozi yalikuwa yakimlenga. Himid akarudi jikoni.

Ikawa ndiyo hivyo. Asubuhi Bi Turkiya alitolewa barazani kwa sababu wanawake walimwulizia, na jua likizama aliingizwa ndani kulala. Watu wakamsifu kwa utulivu wake. Sifa zikamfikia Azzan, dereva mstaafu, mjane aliyekuwa akitafuta mke asiye na maneno. Akavaa joho, akaja kuposa.

Himid akasema kwamba kwa bahati mbaya Bi Turkiya ana mume. Azzan akashtuka. Aliona haya kwa kuposa mke wa mtu, lakini akauliza pia, kwa adabu, ni mume gani huyo anayemwacha mkewe kuvuka bahari peke yake. Himid akasema mume anafika kesho.

Usiku ule cherehani ya Ghanima haikunyamaza. Kesho yake barazani palikuwa na Bwana Mahrous, amevaa dishdasha ya Himid mwenyewe na kofia yake ya Idi, miwani myeusi machoni na shali mdomoni kwa ajili ya kifua. Azzan akaja kumwomba radhi. Bwana Mahrous hakumjibu neno. Azzan akaona kwamba yule bwana ana haki ya kukasirika, akaenda akarudi na mbuzi, akamfunga kwenye mguu wa kiti iwe ni suluhu, akakaa kitako kungoja jawabu.

Mbuzi akaanza kuutafuna mkono wa kulia wa Bwana Mahrous. Akala kidole gumba, akala na vilivyobaki, akaja kwenye kifundo. Himid alisimama pale ameshika kikombe cha kahawa asijue afanye nini. Azzan, kwa heshima, aligeuza uso akatazama barabara. Baadaye aliwaambia watu msikitini kwamba tangu azaliwe hajaona mwanamume mwenye subira kama yule.

Mwisho wa wiki Khulood alikuja na gari la hoteli. Mtaa mzima ulitoka kuaga. Himid na Ghanima waliwatoa wageni kwa kuwashika makwapani, miguu ikiburura, na watu wakawapisha wakisikitika jinsi safari inavyomzeesha mtu. Wakafungwa mikanda kiti cha nyuma, halwa ikawekwa baina yao, wakaondoka.

Meneja aliwapenda kupita kiasi. Akawaweka kwenye benchi la langoni, akawawashia taa za rangi. Hawakumtisha Mzungu hata mmoja. Wote walipiga picha nao. Sikukuu ikapita, meneja akasema wabaki.

Ijumaa moja Bi Asya na Azzan, na jamaa wengine, walipanda jabali kununua makomamanga, wakapita hotelini kunywa chai. Chai hawakuimaliza. Jioni ile Bi Asya na Azzan wakaja kwa Himid, wakakataa kahawa.

Bi Asya alisema wamewaona. Alisema haikumwingia akilini mtu kuwaachia jamaa zake, wazee, mmoja wao mgonjwa wa kifua tena hana mkono, wakakae hotelini, tena nje, kwenye baridi ya jabali, na yeye ana nyumba. Ghanima alimtazama mumewe. Himid akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akambishia mtu.

"Bi Asya, wale si watu. Ni matambara. Ghanima kawashona."

Hasira zilimtoka Bi Asya, ikamwingia huruma.

"Himid mwanangu," alisema, "jamaa hugombana. Lakini usiwaite matambara."

Azzan akasema gari lake linapanda jabali, na Ijumaa ijayo atampeleka mwenyewe akaombe radhi. Himid akamtazama mkewe, akaitazama sakafu, kisha akauliza watoke saa ngapi.

Wakaenda wote wanne. Pale langoni, mbele ya watalii, Himid aliinama akambusu Bwana Mahrous kichwani, akasema maneno ya kuomba msamaha, na ajabu ni kwamba sauti ilimtetemeka kweli. Bwana Mahrous alinyamaza. Azzan akasema kunyamaza kwake ndiko kusamehe, anamjua. Mtalii mmoja akapiga picha.

Njiani wakiteremka kuelekea Birkat al Mauz, Himid alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Bi Asya, amekaa mbele naye amefurahi, akauliza kama Bi Turkiya na mumewe walijaaliwa watoto.

Himid akasema walijaaliwa watatu, na Idi watakuja. Ghanima, kando yake, akafumba macho.